Miguu ya Fundi Cherehani

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wakubwa kwa wadogo walimwita Miguu, na wengine wakimwona anapita walimrushia hatua mbili tatu za kumtania. Enzi zake alikuwa ameigiza sinema saba za mapenzi, nyimbo na dansi: mara tarishi anayeimba chini ya dirisha la mchumba, mara askari aliyerudi vitani, mara mwalimu wa dansi aliyempenda mwanafunzi wake. Zote saba ziliishia namna moja, anamshika binti kiuno, muziki unapanda, na watazamaji wanafuta machozi.

Mkewe hakuwahi kucheza naye hata wimbo mmoja.

Siku ya arusi yao bibi arusi alimwomba wacheze, wageni wakampigia makofi mpaka viganja vikauma, naye akawajibu kwamba leo hayuko kazini. Bibi arusi akacheka na wenzake, lakini neno lile lilimwingia. Miaka thelathini na minne hakumwomba tena, kwa kuwa mwanamke mwenye heshima zake haombi mara mbili. Heshima nayo ina siku zake za kutufanya wajinga.

Sasa ugonjwa ulikuwa umeimaliza miguu ya mkewe, na daktari alishasema wampe chochote anachopenda. Mchana huo binti yao alikwenda sokoni akawaachia runinga ikionyesha ile sinema ya mwalimu wa dansi. Mama, kwenye kiti chake cha magurudumu, akapunguza sauti.

"Wanawake saba umewachezesha," alisema. "Mimi nilikukosea nini?"

Miguu alitazama zulia. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe, yaani fundi cherehani aliyeshona mavazi ya sinema zile, alizikwa mwaka juzi, wa mwisho kati ya waliojua. Angeweza kunyamaza na asijue mtu. Lakini mkewe alikuwa anaondoka duniani akiamini hakupendwa, na hilo lilimshinda kulibeba.

Akamweleza yote. Kwamba kucheza hajui, hajawahi kujua, ni mzito kama gunia la chumvi. Kamera ilipomchukua kuanzia kiunoni kwenda juu, yeye alikuwa amesimama kwenye ubao wenye magurudumu, wanaume wawili wameinama wanamvuta kwa kamba huku na huku, na kazi yake ilikuwa kutabasamu bila kuanguka. Kisha fundi cherehani anavaa suruali ileile na viatu vilevile, vimejazwa pamba kwa kuwa miguu yake ilikuwa midogo, na kamera inashuka chini. Mwongozaji aliwaapisha wote. Siku ya arusi aliogopa wageni wasije wakagundua. Baadaye akamwogopa mkewe.

Mama aliitazama miguu kwenye runinga. Kisha mabega yakaanza kutikisika, akacheka, na kabla hajamaliza kucheka alikuwa analia.

"Kumbe miaka yote hiyo nauonea wivu ubao?"

"Nisamehe, mke wangu."

"Ungenikanyaga tu," alisema. "Si nilikuwa na miguu."

Hapo ndipo mzee alipovunjika. Alilia kilio ambacho hakuna sinema iliyowahi kumtoa, hakujali kufuta uso. Alipotulia alipandisha sauti ya runinga, akalegeza breki za kiti, akamshika mkewe mkono mmoja na kwa mwingine akakishika kiti. Alikwenda kulia, alipotakiwa kwenda kushoto. Akakigonga kiti kwenye kabati. Gurudumu likampita juu ya vidole vya mguu, akauma meno na kuendelea.

Binti aliporudi na kapu lake alisimama mlangoni. Baba yake alikuwa anatiririka jasho, anakosea kila hatua, na mama amefumba macho anamhesabia taratibu, moja, mbili, tatu, rudi. Kwenye runinga miguu ya marehemu fundi cherehani haikukosea hata mara moja. Hakuna aliyekuwa anaitazama.