Pesimeka wa Moi's Bridge

Kazi ya pesimeka kila mtoto wa Eldoret anaijua: unakimbia mbele, unawavuta wenzako kwa kasi uliyopangiwa, kilomita yako ikifika unatoka kando, unapewa maji na sweta, umemaliza. Basi Waceke, msichana wa miaka kumi na saba kutoka Munyaka, aliposikia Mbio za Unga zinatafuta pesimeka, alitia sahihi bila kusoma. Nani husoma? Sheria zilimhusu nini yeye? Ukiachwa mita mia na anayeongoza, unapigwa risasi; atakayebaki peke yake, Kamati ya mbio inalisha jamaa yake maisha yote. Hayo yalikuwa ya washindani. Yeye angeshukia Moi's Bridge na gunia lake moja la unga.

Walianza ishirini, wote vijana. Kufika Moi's Bridge walikuwa tisa, na Waceke hakuwa amegeuka hata mara moja. Milio aliisikia, si kiziwi.

"Usiangalie nyuma," alimwambia Byron, kijana mwembamba wa Yamumbi aliyemng'ang'ania kisiginoni tangu alfajiri. "Fuata mgongo wangu tu."

"Sawa, sista."

Penye kibao cha Moi's Bridge Waceke akainua mkono, akakata kushoto. Nicanor, mkuu wa mbio, aliyeandamana naye kwa pikipiki yenye mashine ya kupimia mita, akamzibia njia na bunduki.

"Wapi?"

"Nimefika, Mzee. Mimi ni pesimeka."

"Karatasi yako imeandikwa mkimbiaji. Rudi barabarani."

"Ala! Si wewe mwenyewe uliniambia..."

"Una shahidi?"

Haki ya Mungu, kuna watu wanafaa kuchapwa viboko na mama zao hadharani! Waceke alirudi barabarani akilia kwa hasira, akimtukana Nicanor, akijitukana na yeye mwenyewe. Kutwa nzima amewavuta wenzake kama ng'ombe wa kichinjio, akidhani damu haimhusu.

Hasira hiyo hiyo ikamfungua akili. Mita zinapimwa kutoka kwa anayeongoza, na anayeongoza ni nani? Akapunguza mwendo. Akapunguza tena, mpaka akawa anatembea kama mama anayetoka kanisani. Wenzake wanane wakamfikia, wakihema. Hakuna aliyeachwa.

"Kimbia!" Nicanor akapayuka.

"Sheria inasema kasi gani? Nisomee!"

Nicanor akasaga meno. Sheria haikusema.

"Mtu asinipite," Waceke aliwaambia wenzake. "Tutatembea hivi hivi mpaka wachoke wao. Mmeskia?"

Wakaitikia wote, Byron naye.

Walitembea kama kilomita mbili katikati ya mashamba ya mahindi, mahindi ambayo hakuna wa kwao aliyeruhusiwa kuyagusa. Kisha Byron akaja ubavuni.

"Sista, kwetu tuko sita. Hatujapika tangu Jumapili."

"Byron, usithubutu."

"Pole, sista."

Akachomoka. Pikipiki ikamwacha Waceke, ikamfuata Byron, mashine ikaanza kuhesabu upya. Wale wengine nao wakampita mmoja mmoja, mabega yao yakimgonga. Waceke akajaribu kukimbia, lakini miguu ilikuwa imeganda kwa kule kutembea, na maishani mwake hakuwahi kumfukuza mtu mbioni.

"Byron! Wewe Byron! Ningoje!"

Byron alimsikia. Hakuangalia nyuma.