Okestra ya Kukamulia

Nelvine, jirani yangu, aliniuliza kama nilisoma kitu yoyote ya maana kule chuo cha muziki kabla niache. Ng'ombe aliyeachiwa na marehemu mamake alikuwa amezoea kuimbiwa na huyo mama akikamuliwa, na sasa alikuwa amegoma kutoa maziwa. Akiendelea hivyo, ndugu za Nelvine wangemuuza Jumamosi, na yeye hakutaka kabisa.

"Ng'ombe wa grade, huyu wa kizungu, anataka okestra," nikamwambia, nikicheka ndani ya roho. Nikamtumia simfoni moja ya zamani kwa simu, dakika arobaini.

Kesho yake akakuja na gumboots zimemwagikiwa maziwa.

"Profesa wa mwaka wa pili! Violin alipenda, akaachilia lita mbili. Halafu ngoma zikaingia, akapiga ndoo teke. Hukujua kuna ngoma?"

Nilijua. Ngoma ndiyo ilikuwa mchezo yenyewe.

Nikaona aibu kidogo. Nikamtumia muziki ingine, ile sijawahi kutumia mtu: ya kisasa, cello nane tu, polepole, hakuna ngoma. Ndiyo nilikuwa nasikiza siku nilitoa vitu zangu hostel.

Siku tatu sikusikia kitu. Ijumaa nikapitia kwake asubuhi. Ndoo ilikuwa karibu kujaa, simu imening'inia kwa waya, cello zikilia, ng'ombe anacheua.

"Nelvine, ile ya kwanza nilikuwa nakuchezea."

"Nilijua. Ni ng'ombe ndiye hakujua." Hakugeuka, aliendelea tu kukamua. "Ndugu zangu nimewaambia hauzwi. Sasa nyamaza, hapa ndio anapenda."