Ruhusa ya Mwiba

Huko alikozaliwa Cheruiyot, chini katika bonde la Kerio, mti wa matunda una mwenyewe na mti wa kivuli una wazee wake, lakini mti wa miiba hauna mtu. Ukitaka kuziba zizi la mbuzi unachukua panga, unakata, unakokota matawi hadi nyumbani, na hakuna atakayekuuliza neno. Ndiyo maana Jumamosi ile ya mwezi wa Mei, nyuma ya nyumba aliyopanga Hyattsville, aliukata mti wa miiba wa pembeni matawi yake ya chini bila wasiwasi wowote. Akayazungushia tuta lake la sukuma wiki na managu, mashina yakiangalia ndani na miiba ikiangalia nje, kama alivyofunzwa utotoni. Maua meupe yalimwagika kwenye udongo. Paa walikuwa wamemmalizia mboga mara mbili tangu majira ya baridi yaishe. Sasa na waje, alijiambia.

Kabla hajafuta jasho, dirisha la juu lilifunguliwa.

"Umefanya nini?"

Alikuwa Dorothea, mwenye nyumba, mjane aliyekuja Marekani kutoka Uskoti akiwa bi harusi na kuzeekea katika nyumba hiyo hiyo. Yeye aliishi juu. Cheruiyot na mkewe Bilha walikaa chumba cha chini ya ardhi, chenye mlango wake kwa nyuma. Sufuria ikipiga kelele, Dorothea aligonga sakafu kwa mkongojo. Wakicheka, aligonga.

"Nimejenga ua, Mama. Paa wanatumalizia mboga."

"Nimekuuliza umeufanya nini mti wangu."

"Nimeupunguza chini tu. Utachipua."

"Uliomba?"

"Niliomba kulima, ukakubali."

"Kulima, ndiyo. Mwiba uliuomba?"

Cheruiyot nusura acheke. Katika maisha yake hakuwahi kusikia mtu akiombwa ruhusa ya mwiba. Lile tabasamu lililomponyoka ndilo lililoharibu mambo, maana Dorothea aliliona.

"Mwisho wa mwezi mtoke," alisema, akafunga dirisha.

Bilha alikuwa amejilaza kitandani, miguu juu ya mto. Mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa nane, na kazi yake ya kuwahudumia wazee majumbani alikuwa ameiacha wiki iliyotangulia kwa sababu ya miguu kuvimba. Alimsikiliza mumewe hadi mwisho, kisha akageuza uso ukutani.

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," alisema. "Lakini huu wako umenichoma mimi."

"Nitaenda kumwomba msamaha."

"Nenda. Na ukienda, hayo meno yaache hapa."

Hakwenda siku hiyo. Alijua hasira mpya haiguswi. Badala yake alipiga simu kutafuta pengine pa kukaa, Manassas, Sterling, kokote walikokuwa na watu wa nyumbani. Kila mwenye chumba aliuliza swali lile lile: mko wangapi? Wawili, alijibu, karibuni tutakuwa watatu. Hapo sauti ya upande wa pili ilipoa, ikaahidi kupiga tena, isipige. Na hapo walipokuwa hawakuwa na mkataba wowote wa kuwatetea. Walishikana mikono tu na mama yule, siku mvua ilipokuwa ikinyesha, kila mtu akitaka kuingia ndani.

Jumatatu jioni alipanda kwenda kubisha mlango wa mbele. Njiani alikumbuka kwamba hawakuwa maadui siku zote. Theluji ilipoanguka Januari alimfagilia ngazi, na mama yule, akisimama mlangoni na blanketi mabegani, alimwonyesha ule mti ukiwa mtupu na kumfundisha maneno ya bibi yake. Kule kwao kulikuwa na mti mwingine wa miiba, wenye tunda jeusi chungu, nalo waliliita slae. Mwiba ukikuchoma ni jag, na sindano ambayo muuguzi humchoma kwa ajili ya ugonjwa wa sukari, hiyo nayo ni jag. Neno hilo Cheruiyot alilipenda, kwani hata kwao mwiba huchoma na sindano huchoma. Bibi yake huyo alifunga shali yake kwa mwiba pale pini ilipokosekana. Nguo alizianika juu ya ua wa miiba ili upepo usizibebe. Na hakuna aliyevua nguo za baridi kabla mti kama ule wa bustani haujachanua, hata jua liwake vipi.

Mengi alimwambia. La kutoukata hakumwambia.

Sasa alimwambia, kupitia ufa wa mlango uliokuwa bado na mnyororo wake.

"Mwiba wa ua unakatwa. Tuliukata kila mwaka. Lakini unaosimama peke yake una wenyewe, na wenyewe si mimi. Mtoto mdogo kwetu anajua hilo."

"Kwetu unaosimama peke yake ndio unaokatwa, Mama, maana hauna mwenyewe. Sikujua."

"Basi umejua."

Safari hii hakutabasamu. Kwao nako kulikuwa na mkuyu wa mizimu ambao baba yake hakuthubutu hata kuuegemezea jembe. Aliinamisha kichwa, akauliza taratibu: "Aliyekosea hufanya nini ili yaishe?"

"Hakuna," alisema Dorothea. "Hufunga virago." Na mlango ukafungwa.

Jumatano maji ya moto yalikatika. Cheruiyot alikagua mabomba moja moja, akitumaini ni kitu kimeharibika. Hakikuwa kimeharibika kitu. Mtambo wa kupasha maji ulikuwa juu, na mtu alikuwa ameufunga. Alichemsha maji kwenye sufuria ili Bilha aoge, na sufuria ilipopiga mfuniko wake mkongojo uligonga sakafu juu ya vichwa vyao.

Bilha aliliacha beseni palepale. Alivaa gauni, akatoka, akapanda ule mteremko wa bustani akiwa ameshika kiuno. Cheruiyot alimfuata nyuma akinong'ona, "Bilha, tafadhali, pole pole," lakini mkewe hakuwa na sikio la kunong'onewa. Aliweka kidole kwenye kengele na hakukitoa mpaka mlango ulipofunguliwa.

"Maji umeyafunga wewe?"

"Nimeyafunga," alisema Dorothea.

"Na unaona nilivyo."

"Kwa kuwa naona ndiyo maana nimeyafunga. Nataka uondoke kabla mtoto hajazaliwa. Mwisho wa mwezi ni mbali, nimehesabu vibaya. Ondoka hata leo."

Safari hii mnyororo haukuwekwa. Kikongwe alikuwa amesimama wazi mlangoni, mfupi kuliko Cheruiyot alivyomdhania, taya limekaza.

"Mume wangu alikata tawi moja," alisema. "Moja. Lilikuwa linaziba mwanga wa jikoni. Na mimi nilikuwa kama wewe hivyo. Mtoto wetu tulimwingiza kwa mlango ule wa nyuma, wakati huo ndio tuliotumia. Alikaa nasi majuma matatu. Alitoka kwa mlango huo huo, ndani ya sanduku. Na wewe mumeo amekata matawi mangapi? Nenda ukayahesabu."

Cheruiyot hakuhitaji kwenda kuyahesabu. Alitazama mgongo wa mkewe akingoja uiname, uvunjike, kitu chochote.

"Pole, Mama," alisema Bilha, na ilikuwa pole ya kweli. Kisha sauti yake ikarudi pale pale ilipokuwa. "Lakini mti haujanifukuza. Sijauona ukishuka kuja kufunga maji. Ni wewe. Tukitoka leo hatuna pa kwenda, nitajifungulia kwenye gari mahali fulani kando ya barabara. Likitokea baya huko, usiusingizie mti. Kazi utakuwa umeifanya wewe."

"Ulimi wako unachoma."

"Maji baridi pia yanachoma."

Gari la taka lilipita barabarani likisimama na kuondoka, nyumba hadi nyumba, na hakuna aliyegeuka.

"Ukifiwa usije kulia mlangoni kwangu," alisema Dorothea hatimaye.

"Sitakuja."

"Mkikaa, matawi yabaki yalipo. Yasiingizwe ndani, yasichomwe moto. Na mtoto asipite mlango wa nyuma. Si kuingia, si kutoka. Hata siku moja."

"Mama," alisema Cheruiyot, likiwa neno lake la kwanza tangu wafike, "sisi hatuna mlango mwingine."

Ilionekana wazi kwamba Dorothea hakuwa amelifikiria hilo. Aligeuka akatazama nyuma yake, ng'ambo ya jiko lake safi, kwenye mlango mwembamba uliokuwa juu ya ngazi za ndani zilizoshuka hadi chumbani kwao. Ulikuwa umefungwa komeo na kupakwa rangi juu yake, mkono wa kwanza na wa pili na zaidi, hata komeo lenyewe lilikuwa kama uvimbe tu katika ubao.

"Mumeo ana nyundo?" alimuuliza Bilha, kana kwamba Cheruiyot hakuwapo.

"Anayo."

"Basi apige kutokea chini. Humu ndani sitaki vumbi."

Cheruiyot alishuka, akaondoa masanduku waliyokuwa wameyapanga kwenye zile ngazi, akapanda gizani na nyundo na patasi. Alipiga. Rangi ilipasuka na kuanguka kwenye nywele zake.

"Taratibu," sauti ya Dorothea ilimjia kupitia ubao. "Huo ni mlango, si ng'ombe."

"Samahani, Mama."

"Kushoto. Kushoto kwako, si kwangu. Mumeo huyu haoni?"

"Anaona akitaka," alijibu Bilha kutoka upande ule ule wa juu, na hakuna aliyecheka.

Alisukuma kwa bega. Mlango ulikwama, ukalia, kisha ukaachia ghafla, naye akajikuta mguu mmoja uko kwenye sakafu ya jiko, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Bilha alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na meza. Hakuonekana kuwa amekaribishwa kukikalia. Dorothea alikuwa amesimama akiuegemea mkongojo wake, akimtazama Cheruiyot kuanzia kichwani kushuka chini, mpaka miguuni.

"Viatu," alisema.

Cheruiyot aliinama akaanza kufungua kamba.