Bwawa Walilolifukia

Mtaa mpya ulipojengwa, mhandisi ndiye aliyechora njia za maji. Mvua yote ya mapaani na barabarani ingeteremka kwa mitaro ya nyasi hadi bwawa la chini, itulie pale, ardhi iinywe polepole. Alijivunia bwawa lile hata akamshawishi mdogo wake ahamie nyumba ya jirani nalo.

Uzio ulichelewa. Mkandarasi alipiga danadana, leo kesho, mpaka binti wa mdogo wake, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anajua kukimbia, akafuata bata na kuzama.

Baada ya mazishi wakazi waliitisha kikao. Wote walitaka bwawa lifukiwe. Mwenyekiti akamgeukia mhandisi.

"Wewe ndiye mtaalamu, mama. Tukilifukia kuna shida?"

Jibu alikuwa nalo. Maji yangekosa pa kwenda, yangeingia nyumba za chini. Lakini mdogo wake, mama wa marehemu, alikuwa ameketi mbele yake, macho makavu, anamtazama.

"Sina la kusema," akajibu.

Malori yakamwaga kifusi, kikashindiliwa, watu wakaegesha magari juu yake.

Mvua za msimu zilipoanza, simu ililia ofisini. "Dada, maji yamenifika magotini."

Alipofika, barabara ilikuwa mto. Mdogo wake alikuwa amepanda juu ya meza, mzima. Nyumba ya pili aliishi bibi mshonaji, mtu wa fimbo na maskhara mengi, aliyeupunguzia mtaa mzima suruali. Maji yalikuwa yameubana mlango wake. Wanaume walipouvunja, walimkuta anaelea kando ya cherehani, vitambaa vya watu vimemzunguka.

Jioni madada wawili walikaa juu ya meza ileile, miguu imekunjwa, tope chini.

"Ulijua?" mdogo akauliza.

"Nilijua."

"Mbona ulinyamaza?"

"Ungenisikiliza, mdogo wangu?"

"Nisingekusikiliza. Ningekuchukia mpaka nife." Akajifuta uso kwa kiganja. "Lakini bibi angekuwa hai."

Mhandisi alitaka kumshika mkono, mwenzake akauvuta.

Mwenyekiti alichungulia mlangoni, suruali kaikunja, akauliza maji yatatoka lini. Nje mvua ilikuwa imeanza upya.