Hata Mama Tanzia Anacheka

Alicheka mara kumi na saba kabla hawajaridhika. Alikuwa amesimama mbele ya maikrofoni katika chumba kidogo kilichobandikwa sponji kuta zote, fulana mpya ya njano imembana makwapani, na kila alipomaliza kucheka alitazama upande wa pili wa kioo kuona nyuso zao. Meneja wa vipindi alikuwa anatikisa kichwa. Bwana wa kampuni ya sabuni, aliyekuja na kikombe chake mwenyewe cha kahawa, alikuwa anachezea simu.

"Hicho ni kicheko cha adabu, mama," meneja alisema kupitia spika. "Tunataka kile cha jikoni. Cha kucheka mpaka unashika ukuta."

"Sijui kama ninacho."

"Kila mtu anacho."

Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni, na koo lilianza kuwasha. Fundi mitambo, ambaye walikuwa wamezeeka pamoja katika jengo lile, aliinamia kipaza sauti chake na kumnong'oneza kwenye vipokea sauti, kiasi cha kusikika na yeye peke yake: "Kumbuka siku ile mkurugenzi wa zamani alipokalia kiti kibovu."

Akakumbuka. Mkurugenzi alikuwa hewani, anahutubia nchi nzima habari ya kuinuka kiuchumi, na huku kiti kinashuka naye taratibu mpaka ikabaki kipara tu juu ya meza, na bado anaendelea kuinuka kiuchumi. Kicheko kilimtoka kabla hajajiandaa. Alishika ukuta.

Bwana wa sabuni aliinua macho. "Hicho," alisema. "Hicho hicho."

Wakamletea karatasi ya kutia saini. Saa saba ilikuwa inakaribia, na bado hajapanga matangazo yake ya mchana. Aliisaini akiwa amesimama, bila kuisoma, akaenda kusoma vifo.

Ndiyo ilikuwa kazi yake, miaka kumi na tisa. Saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa mbili usiku. Kinanda kilitangulia, kisha sauti yake, nzito, isiyo na haraka. Jina la marehemu alilitaja mara mbili, kwa sababu alijua kuna mtu mahali fulani anapuliza moto na hakulishika vizuri mara ya kwanza. Halafu waliofiwa, halafu mahali, halafu siku ya mazishi. Watu walimwita Mama Tanzia, mwanzoni kwa kumsengenya, baadaye kama jina lake halisi. Kwenye harusi hakukosekana mtu wa kuhamisha kiti akae mbali naye. Wenye utani walisema akikupigia simu usipokee. Alizoea. Na moyoni mwake, jambo ambalo hakumwambia mtu, alijivuna. Kulikuwa na vijiji ambako mtandao wa simu ulikuja na kuondoka kama mgeni, lakini redio ilifika. Watu walitua mizigo wakageuka njia waliposikia sauti yake. Walifika kabla ya mazishi na kumshika maiti mkono kwa sababu yake.

Jengo lilipakwa njano kuanzia getini hadi chooni. Siku ya tatu baada ya kurekodi kicheko waliitwa ukumbini, na meneja, kijana mpole anayelingana na mwanawe wa kwanza, akasimama mbele ya bango.

"Kuanzia Jumatatu tunaitwa Redio Tabasamu," alisema. "Mpaka likizo ya mwisho wa mwaka iishe. Muziki wa furaha, salamu, zawadi kutoka kwa wadhamini wetu. Vipindi vya migogoro tunavipumzisha. Tanzia tunazipumzisha pia. Mtu yuko likizo na wanawe, hataki kuharibiwa chakula."

Mama Tanzia aliinua mkono. "Na watakaokufa?"

"Wafe baada ya sikukuu," sauti ilisema kutoka viti vya nyuma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Meneja pia alicheka, akijizuia kidogo. Yeye hakucheka, wala hakuna aliyegundua, kwa maana dakika ile ile spika za ukutani zilikuwa zinajaribiwa na kicheko kilichojaa humo ndani kilikuwa chake. Kikafuatiwa na sauti ya mwanamume: *Hata Mama Tanzia anacheka. Redio Tabasamu.*

Alipangiwa dirishani. Apokee kadi za salamu, na wanaoleta vifo awarudishe.

"Kwa nini mimi?"

"Watu wanakuheshimu, mama. Hawatagombana na wewe."

Alikuwa kibarua wa siku. Miaka kumi na tisa, na kila asubuhi jina lake liliandikwa upya kwenye daftari la mlinzi. Alihamia dirishani.

Wa kwanza alikuwa fundi viatu. Alimjua kwa vidole, vyeusi kwa rangi na gundi. Alitoa karatasi mfukoni mwa shati, imekunjwa mara nne, akaipenyeza chini ya kioo.

"Mama yangu," alisema.

"Pole sana, baba." Hakuigusa karatasi. "Tanzia zimesimamishwa. Mpaka sikukuu ziishe."

Fundi viatu alimtazama kama mtu aliyeambiwa mvua imesimamishwa. "Zimesimamishwa na nani?"

"Ni utaratibu."

"Wadogo zangu wawili wako machimboni. Huko simu hazishiki. Wana redio, wanakusikiliza wewe."

"Jaribu kutuma mtu."

"Mtu gani? Ni safari ya siku mbili, na mama yuko kitandani pale." Aliinama akasogeza mdomo karibu na tundu la kioo. "Mama, huhitaji kusoma yote. Taja jina tu. Wakisikia jina lake kwa sauti yako wataelewa."

Nyuma yake mwanamke mwenye kadi ya salamu alikohoa. Mama Tanzia alisukuma karatasi irudi nje kwa ncha ya kidole. Ilitoka nusu tu, ikakwama. Fundi viatu hakuichukua. Alisimama kidogo, akaondoka.

Wengine walifuata. Waligomba wachache, wengi walisema asante na kuacha karatasi zao hapo hapo, kana kwamba kuziacha ni bora kuliko kurudi nazo. Asubuhi alipofungua dirisha alikuta nyingine zimepenyezwa usiku. Aliagizwa azitupe. Alizitia mkobani, chini ya kanga, akaenda nazo nyumbani, na huko hakujua aziweke wapi. Kabatini aliona vibaya, kwa sababu ya nguo. Mezani ndiyo kabisa. Mwisho alizilaza kwenye kiti cha mgeni, na tangu siku hiyo hakuna aliyekikalia.

Ikawa saa saba ikifika ulimi unaanza wenyewe. Akiwa dirishani anapanga kadi za salamu, anasikia midomo yake inatembea: jina, mara mbili, waliofiwa, mahali, siku. Alikuwa amezisoma zote, nalo kosa lilikuwa hilo. Akifunga mdomo, marehemu wanaendelea kichwani, kwa sauti yake mwenyewe, wamejipanga, kila mmoja akingoja zamu yake ya kutajwa. Na kila nusu saa, dukani, kituo cha mafuta, kwa kinyozi, barabara nzima, alijisikia anacheka.

Mwanamke mmoja sokoni alimgeukia. "Kumbe na wewe unacheka hivyo," alisema. "Mwaka huu mume wangu amekwenda, nilikuja pale kwenu. Basi kila nikikusikia najiuliza, anamcheka nani." Alisema bila ukali, huku anachagua nyanya.

Wifi yake, mke wa kaka yake, alifika Alhamisi ya wiki ya tatu. Mama Tanzia alimkuta amekaa mapokezi chini ya mapulizo ya njano, miguu ina vumbi mpaka magotini, mkoba mapajani. Wifi hakuwa mtu wa kusafiri. Katika miaka yote ya ndoa alikuwa amekuja mjini mara moja.

"Wifi," alisema Mama Tanzia. "Mbona hujasema unakuja? Kaka yuko wapi?"

Wifi alimwangalia muda mrefu, anatafuta kitu usoni mwake. "Kwa hiyo kweli hukujua," alisema.

Akamweleza, kwa sauti ya chini, kwa sababu mapokezi kulikuwa na watu wanangoja zawadi. Kaka alikuwa anachimba kisima cha shule. Udongo ulikuwa umeloa. Alimwambia mkandarasi zinahitajika mbao za kushikilia kuta, mkandarasi akasema mbao zinakuja, wewe shuka tu. Kuta zilikutana akiwa chini. Ilichukua siku nzima kumtoa.

"Namba yako alikuwa nayo yeye, kwenye simu yake," wifi alisema. "Na simu ilishuka naye. Tukaandika tangazo, mdogo wangu akalipeleka kwa wakala wenu pale mjini kwetu. Wakala akasema hawapokei. Tukasema haidhuru, habari zitamfikia, yeye si ndiye msomaji? Tukakungoja siku mbili, wifi. Joto lilikuwa kali. Siku ya tatu wazee wakasema azikwe."

Mama Tanzia alikaa kando yake.

"Jirani ana redio kubwa," wifi aliendelea. "Hakuwa na nia mbaya, hakufikiria tu kuizima. Tumekaa pale, mwili uko ndani, wewe unacheka. Kila nusu saa. Wanangu wakaniuliza, huyo si shangazi? Nikawaambia siyo, ni mtu wa kufanana naye." Alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Nimekuja nione mwenyewe. Ili nikirudi niwe na la kuwaambia."

Mama Tanzia alikwenda kwa meneja akiwa bado amevaa fulana ya njano. Meneja aliinuka, akazunguka meza, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Alikuwa amelelewa vizuri.

"Pole sana, mama. Pole sana. Kaka wa tumbo moja?"

"Wa tumbo moja. Naomba mambo mawili, bosi. Kile kicheko kizimwe. Na nisome tangazo lake, mara moja tu. Hata saa moja asubuhi, watu wakiwa bado wamelala."

Meneja alirudi kukaa. "Kicheko hakiko mikononi mwangu," alisema. "Ulisaini. Ni mali ya kituo, na kituo kimeshakikabidhi kwa mdhamini. Jana tu wamesema wanakitaka mpaka mwakani."

"Ni sauti yangu."

"Ni sauti yako, ndiyo. Hakuna anayebisha."

"Basi nipeni ruhusa niende kaburini."

"Nani atakaa dirishani? Wiki ya mwisho ndiyo yenye watu. Ukienda sikuzuii, mama, lakini mimi siye ninayeandika daftari la mlinzi." Kwa kweli alionekana anaumia. Halafu uso wake ukafunguka. "Sikiliza. Tanzia siwezi. Lakini salamu zipo. Mtumie kaka yako salamu. Maneno ishirini, bure, nakupitisha mbele ya foleni. Ila usitaje kifo, wala kaburi, wala hayo mengine. Unajua mwenyewe."

Alimsogezea kadi ya njano na kalamu.

Aliandika pale pale, juu ya meza ya meneja. *Salamu zimfikie kaka yangu mchimba visima. Dada yako nimepata habari zako leo. Nisamehe kwa kuchelewa. Pumzika kwa amani.* Meneja aliisoma, akatoa kalamu yake, akakata maneno mawili ya mwisho kwa mstari mmoja uliopigwa kwa uangalifu, na juu yake akaandika *vizuri likizo hii*. Akaweka alama ya tiki pembeni.

Kipindi cha salamu kilianza saa kumi jioni. Mtangazaji wake, msichana aliyejulikana hewani kama Sukari, alisoma kadi kama zilivyomfikia, hakuwa na muda wa kuzipitia kabla. Msaidizi wake wa simu alikuwa hakuja siku ile, kwa hiyo Mama Tanzia aliambiwa aingie studio, apokee simu za wasikilizaji. Wifi alibaki mapokezi. Mtu alikuwa amempa soda.

Kadi ilikuwa ya nne. Mama Tanzia aliitambua kwa mstari ule uliokata maneno. Upande wa pili wa kioo, fundi mitambo, aliyekuwa ameshaambiwa, aliinamisha kichwa juu ya mitambo yake.

"Salamu zimfikie kaka yangu mchimba visima," Sukari alisoma, sauti imejaa jua. "Dada yako nimepata habari zako leo. Nisamehe kwa kuchelewa. Pumzika vizuri likizo hii." Akashusha kadi. "Jamani, upendo wa dada. Kaka mchimba visima, leo umebahatika. Kama unatusikia huko uliko, tupigie ndani ya dakika moja, kuna katoni nzima ya sabuni inakusubiri."

Alibonyeza kitufe, muziki ukapungua, na saa nyekundu juu ya mlango ikaanza kuhesabu kurudi nyuma. Akamgeukia Mama Tanzia na kumwonyesha simu kwa kidole.

Mama Tanzia alisogeza kiti. Aliweka mkono juu ya simu, kama alivyoelekezwa, ili ikiita tu ainyanyue.

"Tunakusubiri, kaka," Sukari alisema. "Bado sekunde arobaini."