Kaya Iliyohitimu

Maji ya mvua yalianza kumdondokea Bilali miguuni, yakapanda hadi magotini, na ilipofika saa mbili asubuhi hapakuwa tena na pembe ya chumba ambayo Mwanajuma hakuijaribu. Alikuwa akikivuta kitanda kidogo kidogo, mguu huu kisha ule, mumewe yuko juu yake mzito kama gunia la mihogo. Makuti ya paa lile yalikuwa ya mwaka wa tano. Ya miaka mitatu huvuja kwa kuomba radhi. Ya mitano hayana haya tena.

"Hapa pakavu," alimwambia. "Tulia sasa."

Bilali alijaribu kutabasamu kwa upande uliobaki hai. Kiharusi kilimchukua mkono na mguu wa kulia miaka miwili iliyopita, akiwa amesimama mbele ya sufuria la pilau kwenye harusi ya watu. Alikuwa mpishi wa shughuli. Kutoka Fukayosi mpaka Chalinze watu walimjua kwa jambo moja: hakuna aliyeondoka na njaa penye sufuria lake, hata mpita njia. Sasa maneno yalimtoka moja moja, na vidonge vya presha ndivyo vilivyomshikilia. "Asikose hata wiki," daktari alimwambia Mwanajuma. "Cha pili kikija hakitaacha upande." Tangazo la matibabu ya bure kwa wazee lilibandikwa ukutani pale zahanati, lakini vidonge vya Bilali havikuwamo katika hayo ya bure. Vilipatikana kwa kadi ya Mpango, ule wa kuzinusuru kaya maskini. Kadi hiyo Mwanajuma aliiweka ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya mto, na kila alipokisogeza kitanda aliigusa kwanza.

"Hodi."

Alikuwa Mohamedi, mwenyekiti wa kitongoji chao cha Vigude. Hakuingia, alisimama chini ya upenu, maji yakimchuruzika mgongoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na mvua."

"Tumeshapoa. Alhamisi usiende shamba, mama. Wanakuja wahakiki wa Mpango. Watapita kila kaya iliyo kwenye orodha, watakagua, watauliza."

"Wangapi?"

"Wawili, na mimi wa tatu. Lakini usijisumbue. Kaeni hivi hivi mlivyo."

Mwanajuma aliitikia vizuri. Maneno hayo ya usijisumbue aliyajua tangu utoto wake. Kila mgeni huyasema, na mwenyeji anayeyashika huitwa mchoyo mpaka kufa kwake.

Mohamedi alipoondoka, Bilali alisema, "Wageni." Alipumzika, akatafuta. "Kuku."

Walikuwa na kuku mmoja, tetea aliyekuwa akitaga chini ya kitanda.

Mchana jirani yake Asteria alikuja kuomba kijinga cha moto. Asteria alikuwa Mnyamwezi. Wazazi wake waliletwa kukata mkonge wasirudi tena kwao. Mjane, mgonjwa wa sukari, naye sindano zake zilitoka kwa kadi kama ile.

"Utawakalisha wapi?" aliuliza.

"Nina kigoda. Na mkeka."

"Mkeka ule mgeni atatumbukia atokee kwa jirani."

"Wewe Mnyamwezi, babu zako walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka Bagamoyo. Hukurithi hata nguvu za kunisaidia kufuma mwingine?"

"Kufuma sikurithi. Kubeba nimerithi," Asteria alisema. "Nitakubebea viti."

Alivileta Alhamisi asubuhi kichwani, kimoja kimoja: viti vinne vya mninga na meza ndogo, kazi ya mikono ya marehemu mumewe, Leodgar, aliyekuwa seremala na ambaye hakumwachia kitu kingine. Kisha akaleta chupa ya chai, vikombe vya maua na shuka jeupe.

"Na kwako je? Si watafika na kwako?"

"Kwangu watakaa kwenye gogo. Mimi sina mzee wa kuaibika."

Walimvika Bilali kanzu pamoja. Asteria alimshika mabega, macho kayaelekeza dirishani, na hakuyarudisha mpaka kanzu ilipomfika mzee miguuni. Mwanajuma aliliona hilo. Aliliweka moyoni.

Mhakiki alikuwa msichana, jina lake Samia. Alikuwa na adabu. Alimwamkia Bilali kabla ya kuketi, akaona mto umemteleza, akamrekebishia bila kuambiwa. Kijana aliyefuatana naye alipiga picha: paa, sakafu, meza, viti. Mwanajuma alipakua wali na kuku, akamimina chai. Samia alisitasita, akamtazama Mohamedi, na Mohamedi akasema, "Kula, dada. Huku ukikataa chakula umetukana." Akala, kishikwambi kikiwa mapajani.

"Bibi, ndani ya siku saba, kaya imekula nyama, kuku au samaki?"

"Si huyu hapa, mwanangu. Mbona unamwacha?"

Kidole kiligusa kioo.

"Kwa siku mnakula milo mingapi?"

Bilali alikuwa akimtazama mkewe. "Alhamdulillahi," Mwanajuma alisema. "Mungu anatoa."

"Mitatu?"

"Hatujalala njaa, mama."

Kidole kikagusa tena.

"Viti hivi ni vyenu?"

"Keti tu. Kiti ni cha mgeni."

"Bibi, naomba ndiyo au hapana. Hiki kitu hakipokei jibu lingine."

Mohamedi aliacha kutafuna. Viti vile alivijua. Alikuwa amevikalia siku tatu nzima kwenye msiba wa Leodgar. Akainamia sahani yake na kulishughulikia paja la kuku kana kwamba lina miba.

Mwanajuma alisimama na chupa ya chai mkononi. Kumwambia mgeni kwamba kiti alichokalia ni cha kuazima ni sawa na kumwinua. Na Bilali alikuwa pale, katika kanzu, upande wake hai ameuelekeza kwa wageni kama zamani alipokuwa akisimama mlangoni kuwahimiza watu waongeze.

"Ndiyo," alisema.

"Mgeni njoo," Bilali alitamka kutoka kitandani, polepole, kila neno na jasho lake. "Mwenyeji... apone."

"Amina, babu," Samia alijibu, na alicheka kwa moyo safi.

Kwa Asteria hawakukaa. Walikuta chumba kitupu, gogo na chungu. Walimpa pole, wakaandika haraka, wakaenda.

Baada ya miezi mitatu uliitishwa mkutano wa hadhara. Walisomwa kwanza waliobaki kwenye Mpango, na Asteria alikuwamo. Kisha msomaji akasema sasa ni zamu ya habari njema, ya kaya zilizohitimu, zilizojikwamua, akaomba makofi kabla hata ya kusoma. Ya nne ilikuwa kaya ya Bilali wa Vigude.

"Kumbe mwenzetu umeshavuka," mwanamke mmoja alimwambia Mwanajuma huku akipiga makofi. "Ulikuwa unatuficha tu na kanga yako hiyo."

Kesho yake dirisha la dawa liliikataa kadi. Vilikuwa vimebaki vidonge vya siku kumi na moja.

Asteria ndiye aliyesema waende kwa afisa. Ofisi ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Afisa aliitwa Noel, na aliwapa maji ya kunywa kabla ya kuwauliza shida yao.

"Viti vile ni vyangu," Asteria alisema hata kabla ya kukaa. "Nilimwazima huyu kwa ajili ya wageni."

Noel aligeuza kompyuta, akasoma. "Wewe ndiye Asteria. Wewe umebaki. Samani, hakuna."

"Vilikuwa kwake siku hiyo."

"Kwa hiyo ulimdanganya mhakiki."

"Hakuniuliza. Alitazama tu, akaandika."

"Basi nisikilize, mama. Ukiandika hapa kwamba viti ni vyako, nakutoa wewe. Na yeye simrudishi. Ana milo mitatu, anakula kuku. Paa lake limehesabiwa, maradhi ya mzee yamehesabiwa, bado alama zimevuka. Sikuzitunga mimi. Na siku za rufaa zilikuwa kumi na nne. Zilikwisha kabla ya mkutano."

"Tungekataje rufaa nasi hatujasomewa?" Mwanajuma aliuliza.

"Hilo swali zuri, bibi. Nje pale kuna sanduku la maoni."

"Baba," Asteria alisema, "huyu mzee wake asipopata dawa atakufa."

Noel hakukasirika. Alivua miwani, akayasugua macho. Alionekana mtu aliyelala vibaya. "Kila mwaka tunapewa idadi ya kaya za kuhitimu. Isipofika, juu wanasema umaskini haupungui na sisi tumekaa bure. Nikimrudisha mmoja, lazima nimtoe mwingine. Kijiji chenu mnakijua kuliko mimi. Nitajieni. Nani?"

Feni ilizunguka. Mwanajuma aliwapitisha moyoni majirani zake, mlango mmoja baada ya mwingine: Kuruthumu na mapacha wake, mzee asiyeona wa kule bondeni, Tabia aliyechanganyikiwa. Aliufikia mlango wa Asteria.

Asteria alikuwa ameshaishika kalamu.

"Viti ni vyangu," Mwanajuma alisema.

"Jirani, usifanye hivyo."

"Marehemu Leodgar aliniuzia. Huyu ananihurumia tu, mwanangu. Ana moyo mwepesi. Mwache kwenye orodha yake."

Noel alimtazama kwa muda. Alijua; ilionekana wazi kwamba alijua. Akakisogeza kidau cha wino na karatasi, akamwonyesha mahali pa kubonyeza dole gumba, na alipomaliza akampa kipande cha karatasi ajifutie. Kisha akafungua saraka ya meza.

"Na hiki ni chako. Wengine walipewa mkutanoni."

Kilikuwa cheti kilichovishwa nailoni ngumu, chenye muhuri. Njia nzima ya kurudi Asteria alilia bila sauti, na Mwanajuma alimshika mkono kwenye madimbwi.

Siku ya kumi na tisa tangu kadi ikataliwe, vidonge vikiwa vimekwisha, Bilali alianza kumwaga maji ya kunywa kwa pembe ya mdomo. Ausi, kijana wa bodaboda, alimbeba mgongoni mpaka barabarani, akamfunga katikati kwa kanga, Mwanajuma nyuma, na pale zahanati alikataa nauli, akasema atasubiri.

Dirishani alikuwapo muuguzi Scola. Mwanajuma alipitisha kadi. Scola aliirudisha kwa upole. Mwanajuma alifikiri kidogo, kisha akatoa kile cheti kwenye fundo la kanga, akakipitisha nacho.

Scola alikisoma mara mbili. "Bibi, hiki kinasema umehitimu."

"Nimeona kina muhuri wa serikali."

"Kinao. Lakini kinasema umeshatoka kwenye umaskini. Sasa dawa ni za kununua, na kwetu zimekwisha. Ni mpaka duka la Chalinze." Alinyoosha kidole. "Mkalishe babu pale kwenye benchi. Daktari akitoka nitamwomba amtazame. Nitamwomba mimi mwenyewe."

Daktari alikuwa kwenye semina. Jua lilipanda ukutani, likapita tangazo la wazee, likashuka kwenye benchi. Bilali aliegemea bega la mkewe. Alisema neno, na Mwanajuma akamwomba alirudie. Alilirudia, na halikuwa neno. Upande ule wa mdomo uliokuwa hai ulianza kuteremka.

Mwanajuma alimfuta kwa ncha ya kanga. Alikitoa tena cheti kwenye fundo, akaanza kumpepea nacho. Kilikuwa kigumu, hakikukunjika. Kilitoa upepo mzuri.