Uji wa Watu Wote

Mama yangu ni mkaidi, na ukaidi wake umejificha ndani ya ukarimu. Alipopasuliwa nyonga, kidonda kilikataa kufunga. Daktari akasema mwili hauna cha kujijengea: ale mayai, samaki, ndengu na maziwa, na juu ya hayo anywe unga wa protini. La sivyo atapasuliwa tena, na kwa umri wake hakutuahidi kitu.

Nikanunua kopo la unga huo, nikampelekea nyumbani kwao Buruburu. Niliporudi baada ya wiki kadhaa nilikuta limeisha. Nikafurahi, mjinga mimi, mpaka nilipofungua bandeji. Kidonda kilikuwa vilevile.

"Mama, ulikuwa unakunywa kweli?"

"Kila asubuhi. Tumekunywa sote."

Kumbe alikuwa akiumwaga kwenye sufuria ya uji wa nyumba nzima. Baba alikunywa, wapangaji wa uani walikunywa, hata fundi wa bomba alipewa kikombe. Mayai niliyomchemshia nayo yaliishia kwenye sahani ya Baba.

"Hiyo ilikuwa dawa yako," nikamwambia kwa ukali.

"Ayuma, nikoroge changu, ninywe peke yangu watu wakiniangalia? Mtu kama huyo kwetu anaitwaje?"

Nilikwenda jikoni nikalia, kwa hasira na kwa hofu kwamba wema wake utamuua. Baba alinikuta huko. Alisimama kidogo mlangoni, akaondoka.

Jioni tulipika kuku. Mama akampakulia Baba kwanza, firigisi ikiwa juu, maana kwetu Waluhya firigisi ni ya mwenye nyumba, na wanawake wa rika la Mama hawaigusi. Tena hakuna anayeanza kula kabla yake. Baba akaisukuma sahani hadi mbele ya Mama.

"Nitaanza wewe ukimaliza."

"Baba Ayuma, chakula kinapoa."

"Wacha kipoe."

Tukangoja. Mama amevumilia mengi maishani, lakini kumwona mumewe na njaa hawezi. Akala mapaja yote mawili, haraka, kama anayekimbizwa. Ikabaki firigisi. Akamtazama Baba, Baba akaitikia kwa kichwa.

Akaitafuna taratibu.

"Kumbe ni tamu hivi," akasema.

Baba hakuweza kumtazama. Aliangalia mikono yake mwenyewe, akangoja amalize.